Regresheni ya mstari kwa mtafiti wa sayansi ya jamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa uzamili, maafisa takwimu wa halmashauri na watu wa mashirika ambao data wanazo tayari na sasa wamekwama mbele ya menyu ya programu. Karibu wote wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nichague regresheni ipi? Jibu langu halibadiliki. Tazama kwanza umepima nini na umekusanyaje, ndipo ufungue kompyuta. Aina ya regresheni hutoka humo.

Regresheni ya mstari ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni namna ya kuuliza: watu wanaopishana kwa jambo hili, kwa wastani wanapishana kiasi gani kwa jambo lile? Chora nukta za watu 200 kwenye karatasi, miaka ya shule ikiwa kwenye mhimili wa chini na mapato ya mwezi kwenye mhimili wa wima. Regresheni hutafuta mstari mmoja ulionyooka unaopita katikati ya nukta hizo. Katikati kwa maana gani? Kila nukta iko umbali fulani juu au chini ya mstari. Umbali huo unapigwa mraba, miraba yote inajumlishwa, na mstari unaoshinda ni ule wenye jumla ndogo kuliko mingine yote. Njia hiyo ilichapishwa na Mfaransa Adrien-Marie Legendre mwaka 1805, naye alikuwa akishughulika na mizunguko ya nyota zenye mkia, si mishahara wala umaskini.

Kile unachotaka kukieleza (mapato) huitwa kigeu tegemezi. Unachokitumia kueleza (miaka ya shule) ni kigeu huru. Namba inayoonyesha mwinuko wa mstari ni koefishenti, na kile kinachobaki kati ya nukta na mstari ni masalio.

Nani aliileta kwenye masuala ya jamii?

George Udny Yule wa Uingereza, mwaka 1899. Kisa chake kinafaa kusimuliwa kwa sababu matatizo yaliyomkuta yeye ndiyo yanayotukuta leo.

Enzi hizo sheria ya maskini ya Uingereza ilitoa msaada kwa njia mbili: ama uingie nyumba ya maskini ufanyishwe kazi, ama upewe msaada ukiwa kwako. Wanasiasa waligombana: je, msaada wa nyumbani unaongeza idadi ya watu wanaotegemea umma? Yule alichukua maeneo yaliyosimamia sheria hiyo, akatumia takwimu za miaka ya sensa ya 1871, 1881 na 1891, akaangalia mabadiliko ya idadi ya waliopewa msaada. Upande wa vigeu huru aliweka mabadiliko ya uwiano wa msaada wa nyumbani, ya sehemu ya wazee na ya idadi ya watu. Alipata kwamba pale msaada wa nyumbani ulipopungua, wategemezi nao walipungua, hata baada ya kuzingatia wazee na ongezeko la watu.

Lakini katika tanbihi aliongeza neno moja la tahadhari: anaposema badiliko fulani "limesababishwa na" jambo fulani, msomaji makini asome "linaambatana na". Tanbihi ile ina uzito kuliko majedwali yote ya makala. Baadaye mwanauchumi Arthur Pigou alimbana hapohapo: maeneo yenye uongozi mzuri huenda ndiyo yaliyobana msaada wa nyumbani na ndiyo yaliyopunguza umaskini kwa njia nyingine, na uongozi mzuri haukuwamo kwenye hesabu kwa kuwa haupimiki kirahisi.

Regresheni sahili na ya vigeu vingi zinatofautianaje?

Sahili ina kigeu huru kimoja, ya vigeu vingi ina viwili au zaidi. Tofauti yenye maana iko kwenye usomaji. Tuseme, kwa namba za kutunga tu, regresheni sahili imekupa:

mapato = 90,000 + 22,000 × miaka ya shule

Shilingi 22,000 ni tofauti ya wastani kati ya watu waliopishana mwaka mmoja wa shule, na ndani yake mna kila kinachoandamana na shule: kukaa mjini, wazazi wenye uwezo, umri. Ukiongeza "anaishi mjini" na "elimu ya mama", koefishenti ya shule inaweza kushuka hadi 14,000. Sasa unasoma hivi: kati ya watu wanaoishi mahali pa aina moja na ambao mama zao wana elimu sawa, mwaka mmoja wa shule unaambatana na shilingi 14,000 zaidi. Namba zote mbili ni sahihi. Zinajibu maswali mawili.

Wengi huongeza kila kigeu kilichomo kwenye dodoso wakiamini kwamba kudhibiti vingi ndiyo usalama. Sivyo. Ukitaka kujua shule inaongeza mapato kiasi gani, usidhibiti aina ya kazi. Shule ndiyo iliyompa mtu ile kazi. Ukiidhibiti umeondoa sehemu ya kile ulichokuja kukipima.

Jinsia, dini na mkoa si namba. Naviingizaje?

Kwa vigeu vya 0 na 1. Mwanamke 1, mwanamume 0, na koefishenti itakuwa tofauti ya wastani kati yao. Makundi yakiwa mengi, unatengeneza vigeu pungufu kwa kimoja kuliko idadi ya makundi. Tanzania ina mikoa 31, kwa hiyo vigeu 30. Kenya ina kaunti 47, kwa hiyo 46. Kundi uliloliacha ndilo la kulinganishia, na kila koefishenti inasomwa dhidi yake. Chagua kundi kubwa na linaloeleweka. Ukiacha programu ichague yenyewe, mara nyingi itachukua la kwanza kialfabeti, na utajikuta unalinganisha nchi nzima na Arusha bila sababu.

Usiingize namba za mikoa 1 hadi 31 kama zilivyo. Programu haitalalamika, lakini itakuwa inaamini kwamba mkoa wa 20 una "umkoa" mara mbili ya mkoa wa 10.

Kwa nini makala za uchumi zinatumia logarithimu ya mapato?

Kwa sababu mapato yamejazana chini na wachache wako juu sana, na kwa sababu elfu hamsini kwa mama lishe si sawa na elfu hamsini kwa mkurugenzi. Logarithimu inabadilisha swali kutoka "shilingi ngapi" hadi "asilimia ngapi". Umbo lililozoeleka ni la Jacob Mincer, aliyelikamilisha mwaka 1974: logarithimu ya mshahara inaelezwa kwa miaka ya shule, miaka ya uzoefu, na uzoefu uliopigwa mraba.

Koefishenti ya shule ikiwa 0.08, soma takriban asilimia 8 kwa kila mwaka. Mkato huo unafaa kwa namba ndogo tu. Ikiwa 0.5, ongezeko halisi ni karibu asilimia 65, kwa hiyo kokotoa sawasawa.

Ule mraba wa uzoefu unaruhusu mstari upinde: mshahara unapanda kwa kasi ujanani, kisha unatulia. Hata hivyo bado ni regresheni ya mstari, kwa sababu koefishenti zenyewe zinajumlishwa tu. Hili huwachanganya wengi.

Na wenye mapato sifuri? Sifuri haina logarithimu. Kuongeza 1 kwa kila mtu kunaonekana ujanja mdogo, lakini matokeo yanaweza kubadilika kulingana na kama umehesabu kwa shilingi au kwa maelfu ya shilingi. Afadhali utenganishe maswali mawili: nani ana mapato, na wenye nayo wanapata kiasi gani.

Vigeu vya mwingiliano vina kazi gani?

Vinauliza kama uhusiano ni uleule kila mahali. Mfano ninaoupenda ni wa nyumbani kabisa. Mwaka 2004 Edward Miguel alichapisha ulinganisho wa Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu nchini Tanzania, wilaya ambayo sasa iko mkoa wa Simiyu. Swali: je, mchanganyiko wa makabila unapunguza michango ya wananchi kwa shule zao? Upande wa Kenya, maeneo yenye mchanganyiko wa wastani yalikuwa na fedha za shule za msingi pungufu kwa asilimia 25 kuliko maeneo ya kabila moja. Upande wa Tanzania tofauti ilikuwa karibu na sifuri. Yeye aliihusisha na sera za kujenga taifa: Kiswahili, mtaala, na mageuzi ya serikali za mitaa baada ya uhuru.

Ukitaka kulipima jambo kama hilo kwenye modeli moja, ungeandika hivi:

fedha = a + b × mchanganyiko + c × Tanzania + d × (mchanganyiko × Tanzania)

Hapa *b* ni mwinuko wa Kenya peke yake, na mwinuko wa Tanzania ni *b* ukijumlisha *d*. Hivyo *d* ndiyo hoja yako. Wengi husoma *b* kama athari ya jumla, na hapo ndipo mitihani ya utetezi inapoharibika. Pia usiondoe *b* au *c* kwa kuwa hazina nyota (alama ambazo programu huweka kwenye koefishenti zisizoelekea kuwa bahati tu). Zikitoka, *d* inapoteza maana.

Tahadhari yangu juu ya mfano wenyewe: wilaya mbili zinatofautiana kwa mengi zaidi ya sera. Regresheni inaonyesha kwa uhakika kwamba miinuko ni tofauti. Sababu ya tofauti hiyo inatetewa kwa historia, na Miguel aliitetea kwa historia.

Kigeu changu tegemezi ni ndiyo au hapana. Naruhusiwa kutumia regresheni ya mstari?

Unaruhusiwa, ukijua unachofanya. Ukiweka 1 kwa aliyejifungulia kituo cha afya na 0 kwa aliyejifungulia nyumbani, koefishenti ya 0.12 inasomeka kirahisi: wanawake 12 zaidi kwa kila mia. Kasoro ni kwamba mstari unaweza kutabiri uwezekano chini ya sifuri au juu ya moja, na makosa sanifu ya kawaida (kipimo cha jinsi koefishenti inavyoweza kuyumba kutoka sampuli hadi sampuli) hayafai, lazima uombe yale thabiti. Wanauchumi wengi wanaishi na hilo. Watu wa afya ya jamii na sosholojia hupenda regresheni ya lojistiki, inayopinda mstari ubaki kati ya 0 na 1.

Lojistiki ina mtego wake. Inatoa uwiano wa kutokea na kutotokea, na uwiano huo husomwa vibaya kila siku. Mjini wanawake 80 kati ya 100 wamejifungulia kituoni: wanne waliofika kwa mmoja asiyefika. Kijijini 50 kati ya 100: mmoja kwa mmoja. Programu itaandika 4. Mwanafunzi ataandika "wa mjini wana uwezekano mara nne". Uongo, 80 ni mara 1.6 ya 50. Iombe programu ikupe athari kwa uwezekano wenyewe, uziripoti hizo pia.

Nina maswali ya Likert, kutoka "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa".

Swali moja peke yake lenye majibu 1 hadi 5: tumia lojistiki ya mpangilio, kwa kuwa umbali kati ya 1 na 2 si lazima uwe sawa na ule kati ya 4 na 5. Ukiwa umejumlisha maswali nane au kumi yanayopima jambo moja, na umehakiki kwamba kweli yanakwenda pamoja, regresheni ya mstari juu ya jumla hiyo haina ubaya. Ugomvi juu ya hili ni wa zamani na haujaisha. Msimamizi wako akiwa na msimamo mkali, fanya zote mbili. Kwa kawaida hadithi huwa ileile.

Na idadi, kama watoto waliozaliwa au mara ulizokwenda kliniki?

Regresheni ya Poisson, ambayo ni ya kueleza idadi, au ile ya binomia hasi ikiwa mtawanyiko ni mkubwa kuliko wastani.

Niliwahoji watu 1,000 katika vijiji 40. Kuna shida gani?

Shida ni kwamba huna watu 1,000. Majirani wanafanana: kisima kimoja, shule moja, soko moja, mvua moja. Ukiwa na watu 25 kwa kila kijiji na mfanano wa ndani wa 0.2 (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), tofauti ya sampuli inavimba kwa 1 + 24 × 0.2, yaani mara 5.8. Unapokadiria wastani, watu wako 1,000 wanabeba taarifa ya watu kama 172 waliochaguliwa kila mmoja peke yake. Kigeu kinachopimwa kwa ngazi ya kijiji kinapata adhabu hiyohiyo. Makosa sanifu ya kawaida hayajui hili, ndiyo maana nyota zinamwagika jedwalini.

Dawa ya kwanza ni makosa sanifu ya makundi, kwa kijiji. Makundi yakiwa machache mno, chini ya 30 au 40 hivi, hata hayo huanza kudanganya. Dawa ya pili ni regresheni ya ngazi nyingi, inayogawa tofauti kati ya ngazi ya mtu na ngazi ya kijiji, na inayokuruhusu kuuliza mambo ya ngazi zote mbili: je, mtoto husoma vizuri zaidi kwa sababu ya nyumba yao, au kwa sababu ya shule yao? Tathmini za kusoma na kuhesabu za mpango uitwao Uwezo wa Kenya, Tanzania na Uganda zina umbo hilo, mtoto ndani ya kaya ndani ya kijiji.

Utafiti wa dawa za minyoo wa Busia, uliochapishwa na Miguel na Michael Kremer mwaka 2004, ulihusu zaidi ya wanafunzi 30,000. Lakini dawa ilipangwa kwa shule, na shule zilikuwa 75. Anayeutathmini vizuri huanza na 75.

Tafiti za afya na idadi ya watu, kama zile za Kenya na Tanzania za 2022, nazo huchagua maeneo kwanza, kisha kaya. Ukitumia faili zake, weka uzito wa sampuli, tabaka na makundi. Mwongozo unaokuja na data unasema majina ya vigeu hivyo, usome.

Nina kaya zilezile zilizohojiwa miaka tofauti. Athari za kudumu au athari nasibu?

Athari za kudumu humlinganisha kila mtu na nafsi yake mwenyewe. Kila kisichobadilika kwake, kama kabila, kijiji alikozaliwa au akili ya kibiashara, kinafutika hata kama hukukipima. Ni zawadi kubwa, na bei yake ni kwamba huwezi kukadiria athari ya kisichobadilika. Athari nasibu zinaruhusu jinsia na kabila kubaki, kwa sharti zito kwamba yale usiyoyapima hayahusiani na vigeu vyako huru. Jaribio la Jerry Hausman la 1978 husaidia kuamua. Mimi huanzia athari za kudumu, nikihitaji sababu ya kutoka hapo. Mtu akitaka kujifunzia, utafiti wa kitaifa wa paneli wa Tanzania, ulioanza 2008/09, ni uwanja mzuri.

Binamu yake ni tofauti ya tofauti, yaani kulinganisha badiliko la walioguswa na sera na badiliko la wasioguswa. David Card na Alan Krueger walifuatilia mikahawa 410 ya vyakula vya haraka huko New Jersey na mashariki mwa Pennsylvania, kabla na baada ya New Jersey kupandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, Aprili 1992. Pennsylvania haikupandisha. Ajira za New Jersey hazikupungua ukilinganisha na jirani, kinyume na vitabu vya kiada vya wakati huo. Makala ilitoka 1994. Card akapata tuzo ya Nobel ya uchumi 2021.

Wanafunzi hupenda kuiga mbinu hii kwa elimu bila ada. Kenya ilifuta ada za shule za msingi Januari 2003, nchi nzima kwa siku moja. Nani basi hakuguswa? Pasipo jirani ambaye hakubadilika, hakuna tofauti ya pili. Utahitaji kutafuta maeneo ambayo ada ilikuwa mzigo mkubwa na yale ambayo ilikuwa ndogo, ulinganishe hayo.

Kwa hiyo regresheni inathibitisha chanzo au haithibitishi?

Yenyewe haithibitishi. Kinachoweza kuthibitisha ni mpango wa utafiti, na regresheni ni kikokotozi tu ndani ya mpango huo. Mbali na majaribio ya nasibu na tofauti ya tofauti, kuna kigeu-chombo: kitu kinachomsukuma kigeu huru, lakini kisicho na njia nyingine ya kufikia matokeo.

Nathan Nunn na Leonard Wantchekon waliitumia mwaka 2011 kwa swali zito: je, biashara ya utumwa, ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi, iliacha kutoaminiana hadi leo? Waliunganisha data za 2005 za Afrobarometer, tafiti za maoni ya wananchi katika nchi za Afrika, na makadirio ya watu waliochukuliwa kutoka kila kabila. Wale ambao wahenga wao waliwindwa zaidi, leo wanawaamini kidogo majirani, hata ndugu zao. Lakini huenda makabila yaliyokuwa hayaaminiani tangu awali ndiyo yaliyouzana. Chombo chao kikawa umbali wa kabila kutoka pwani enzi hizo: waliokaa karibu na bahari walikuwa hatarini zaidi.

Je, umbali hauna njia nyingine? Una nyingi: biashara, wamisionari, miji. Walidhibiti walizoweza, na wakaonyesha kwamba nje ya Afrika umbali wa pwani hauendi na kutoaminiana kwa namna hiyo. Naona kazi ni nzuri. Kwa upande wetu wa bara, hata hivyo, nina shaka moja: misafara ya karne ya 19 ilipita Tabora na Ujiji hadi Kongo, na barabara ya msafara ilikuwa na maana kuliko maili kutoka Bagamoyo. Mtu wa historia angeweza kufanya tasnifu nzima hapo.

Data zangu ni za mikoa. Naweza kusema juu ya watu?

Hapana, na kisa cha W. S. Robinson cha 1950 kinatosha. Kwa sensa ya Marekani ya 1930 alionyesha kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasiojua kusoma wachache. Uhusiano kati ya majimbo 48 ulikuwa karibu -0.53. Kwa mtu mmoja mmoja ulikuwa +0.12: wahamiaji ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kutojua kusoma. Walihamia tu majimbo ambako wenyeji walikuwa wamesoma. Kwa hiyo ukiwa na wastani wa kura kwa jimbo na wastani wa umaskini kwa jimbo, usiandike kwamba maskini walimchagua fulani.

Nitumie njia ya hatua kwa hatua iliyomo kwenye SPSS?

Usitumie. Programu inachagua vigeu kwa bahati ya sampuli yako, kisha inakupa thamani za p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) kana kwamba ulivichagua kabla. Kurudia utafiti uleule kijiji cha pili kunaweza kuleta orodha tofauti kabisa. Usichanganye hiyo na kuingiza vigeu kwa mafungu, ambako wewe mwenyewe, kwa nadharia yako, unaanza na umri na jinsia, kisha elimu, kisha sera unayoichunguza. Hilo ni zuri.

Ukiwa na vigeu vingi kweli na lengo ni kutabiri, kwa mfano kukisia umaskini wa kaya kwa aina ya paa na sakafu, kuna lasso ya Robert Tibshirani ya 1996, njia inayovuta koefishenti kuelekea sifuri na kuviondoa vigeu visivyosaidia. Koefishenti zake zimebanwa kwa makusudi, kwa hiyo usizisome kama za kawaida.

R-mraba yangu ni 0.11. Nimefeli?

Hujafeli. R-mraba ni sehemu ya tofauti za kigeu tegemezi ambayo modeli imeieleza, kati ya 0 na 1. Binadamu hawaelezeki kwa maswali kumi ya dodoso, na tafiti za mtu mmoja mmoja mara nyingi huwa hapo. R-mraba ya 0.95 ndiyo inayonishtua. Mara nyingi kigeu tegemezi kimejificha upande wa pili kwa jina jingine. Francis Anscombe alitunga mwaka 1973 seti nne za nukta 11 zenye mstari uleule na R-mraba ileile ya 0.67, na zikichorwa hazifanani hata kidogo. Chora picha kabla ya jedwali.

Data zangu si "za kawaida". Msimamizi anasema nisitumie regresheni.

Sharti la umbo la kengele linahusu masalio, si vigeu, na hata hapo uzito wake hupungua sampuli inapokua. Yanayostahili wasiwasi zaidi ni mengine: uhusiano uliopinda ukalazimishwa kunyooka, watu wa kundi moja kuhesabiwa kama wasiojuana, na kigeu muhimu kilichoachwa nje. Mtawanyiko usio sawa hutibiwa kwa makosa sanifu thabiti, aliyoyaeneza Halbert White mwaka 1980. Vigeu huru viwili vinavyofanana sana havipotoshi koefishenti, vinazipa tu ukungu. Pengine jibu la kweli ni kwamba data zako haziwezi kuvitenganisha.

Kanuni ya Yamane inanipa watu 286. Inatosha?

Kanuni ya Taro Yamane iko karibu kila tasnifu ya ukanda huu: gawa idadi ya watu kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara mraba wa ukingo wa kosa. Watu 1,000 na ukingo wa asilimia 5 hutoa 286. Watu milioni hutoa 400, na haipiti hapo. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya kukadiria asilimia moja, kama "wangapi wana bima", kwa sampuli nasibu ya kawaida. Haijui una vigeu vingapi, mwingiliano gani, wala vijiji vingapi. Kwa regresheni, amua kwanza tofauti ndogo kabisa yenye maana kwako, kisha kokotoa nguvu ya kuigundua. Mwingiliano hudai sampuli kubwa mara kadhaa kuliko athari ya kawaida.

Jedwali la sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo, liwe na nini?

Koefishenti, makosa sanifu au mipaka ya asilimia 95, idadi ya watu na idadi ya makundi. Vipimo viandikwe: shilingi kwa mwezi, au alama kati ya 100? Chini yake andika sentensi moja inayosema ukubwa kwa maneno, kwa mfano "watoto wa kaya zenye umeme walipata wastani wa alama 4 zaidi kati ya 100, kwa wenye umri na elimu ya mama sawa". Neno "ina athari yenye maana" pekee halimwambii msomaji lolote. Kama idadi ya watu inabadilika kutoka safu hadi safu, sema waliopungua ni akina nani. Kwa kawaida ni wale waliokataa kutaja mapato, na hao hawafanani na waliotaja.